Fungu la Shija

Wilbroad Lugembe alihamia nyuma ya duka la vitambaa la Fatmabai, hapa Gongoni mjini Tabora, mwezi wa tano, akiwa na kompyuta mpakato, meza ya mninga na kitabu cha marehemu baba yake kilichofungwa kwenye kitenge. Chumba kile kilikuwa stoo ya majora. Fatmabai aliyahamisha majora, akapaka chokaa, akasema chumba tayari. Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, mahali nilipo mpaka leo, kwa hiyo kila aliyemtaka Wilbroad alinipita kwanza.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mwembamba, mtu wa kucheka bila sauti. Aliwahi kusoma seminari ya Kipalapala miaka minne akitaka upadri, akaacha mwenyewe, akaenda Dar es Salaam kujifunza kuandika programu za simu. Wauza vocha wa Gongoni walimpa jina la Padri Nusu. Akipita walimwomba awaungamishe nusu ya dhambi zao, naye aliwajibu kwamba anazo nusu zake zinamtosha. Kuhusu kwa nini aliacha hakuna aliyemuuliza, wala mimi sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Kilichomrudisha Tabora ni kifo cha baba yake, mzee Mathias, aliyekuwa katekista kwa miaka arobaini na mitatu katika kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini, mbele ya Isikizya, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mzee Mathias aliangalia pia vigango vinne vya jirani, na katika vigango vyote vitano aliandika majina ya waliokufa. Mwezi wa kumi na moja, ambao Wakatoliki huwaombea marehemu, aliyasoma majina hayo kila jioni kidogo kidogo mpaka yaishe.

Kitabu chenyewe kilikuwa kauntabuku nne alizozishona pamoja kwa uzi wa viatu. Mshono wake ulikuwa mzuri, nasema kama fundi. Kila mstari ulikuwa na jina, mahali mtu alipofia, na mwaka. Hawakuwa Wakristo watupu. Wazee walimletea majina ya babu zao waliobeba pembe na vitambaa kwenda pwani wasirudi, na alipowauliza walifia wapi, walisema hawajui. Basi mzee aliandika: njiani. Kuna kurasa nzima za watu waliofia njiani, mmoja chini ya mwingine, mahali pa mwaka pakiwa na mstari mtupu.

Kabla ya kufa, mzee alimwachia mwanawe maagizo. Wasomwe wote, asirukwe hata mmoja. Watu wa nyumba moja wasitenganishwe. Na mapacha wasitenganishwe hata kwa pumzi ya msomaji. Tena alimweleza jambo lililomtesa: zamani, watu wawili waligombania shamba, na mmoja wao akachana ukurasa mmoja wa kitabu wenye ukoo wa mwenzake. Ulikuwa na majina thelathini na moja. Mzee aliyaandika upya kwa kukumbuka, akapata ishirini na sita. Watano hawakumrudia, na mpaka anakata roho alikuwa akiwatafuta kwa midomo.

Kwa ajili ya hao watano Wilbroad aliamua kuyaweka majina yote ndani ya programu ya simu, ili kila katekista wa vile vigango vitano awe nayo mfukoni, pasipo kuhitaji mtandao, na pasiwe na mkono wowote unaoweza kuchana.

Alianza mwenyewe, lakini mwandiko wa mzee ulimchosha macho. Siku moja alikuja nimbadilishie zipu ya mkoba, akaona nasoma vipimo nilivyoandika kwa penseli mwaka uliopita, akaniuliza kama naweza kumsomea. Nina elimu ya darasa la saba tu, ila mwandiko wa zamani naujua. Kusoma mbele ya watu siwezi, sauti hukwama. Kumsomea mtu mmoja chumbani niliona nitaweza.

Basi kila siku saa nane, wateja wakipungua, niliingia nyuma. Mimi nasoma, yeye anapiga vitufe. Kila jina likishaingia nililitia alama ndogo kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Fatmabai alikuwa akichungulia mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Wilbroad, unakusanya maiti mchana kutwa ndani ya stoo yangu," alisema siku moja. "Ukihama nitampangisha nani hapa? Nao watalipa?"

"Hao hawajazi nafasi, bibi."

"Watu elfu saba hawajazi nafasi? Umepiga hesabu na nani?"

Tulicheka. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, kicheko kilipungua. Sijui nielezeje. Ukisoma neno "njiani" mara mia mbili kwa mchana mmoja, bati la paa likilia kwa jua, hufika mahali ukahisi unayemsoma ameshafika na anangoja umalize. Mara mbili nilisikia hatua za watu wengi nje ya ukuta, hatua nzito za watu waliobeba, zikipita moja moja bila haraka. Nilitoka kutazama. Nyuma ya duka hakuna njia. Kuna ukuta wa jirani na pipa la maji. Niliporudi, Wilbroad hakuniuliza nilitoka kufanya nini. Alisema tu, "Zimepita?" nami nikajibu zimepita, tukaendelea.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mashine ikakataa.

Alinieleza hivi. Maagizo ya mashine huandikwa mafungu mafungu. Kila fungu lina jina lake, na liko fungu moja kuu ambalo kazi yake ni kuyaagiza mengine yafanye kazi kwa zamu. Fungu lisiloagizwa hukaa tu humo ndani, halifanyi lolote. Sasa, lugha aliyoitumia ina kikomo: fungu moja lisizidi ukubwa fulani. Likizidi hata kwa mstari mmoja, mashine hairuki ule mstari, inalikataa fungu lote. Naye alikuwa ameyaweka majina yote katika fungu moja, kwa sababu kitabu cha baba yake ni kimoja. Kwenye jina la elfu tano mia nne na kitu, kioo kikaonyesha maneno mekundu, na watu wote wale wakawa hawapo.

Alimpigia simu rafiki yake wa Dar. Rafiki alimshangaa, akamwambia hakuna anayefanya hivyo, majina huwekwa katika faili la pembeni na programu ikayasoma kutoka huko, jambo la dakika kumi. Wilbroad alimshukuru, akakata. Aliniambia faili la pembeni ni kitabu kingine tu, mtu anaweza kulifungua na kufuta anayemchukia. Hakutaka.

Basi ikabidi kukata. Kukata nakujua, nikadhani atakata katikati kama mtu yeyote mwenye kitambaa kilichozidi meza. Lakini yeye alitaka fungu la kwanza lijae mpaka ukingoni, kama mzee alivyojaza kila ukurasa. Alifuta jina moja moja kutoka mwisho, akijaribu kila mara, mpaka mashine ikakubali. Jina la mwisho lililokubaliwa lilikuwa Kulwa. Lililofuata, ambalo mashine ililikataa, lilikuwa Doto.

Tulitazamana. Msomaji Mnyamwezi ameshaelewa. Hao walikuwa mapacha wa Martha, mama mmoja wa kigango kilekile cha mzee Mathias, waliokufa kwa surua mwaka themanini na tano wakiwa na miezi minane, mmoja Jumanne na mwingine Alhamisi. Baada yao kitabuni alifuata Shija, kama ilivyo kwetu, mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Shija aliishi miaka mitano. Alikufa kwa kifua mwaka tisini na moja, juu ya baiskeli ya baba yake, wakimkimbiza hospitali. Pale pa mahali mzee alikuwa ameandika neno lake lile: njiani.

Mwisho wa fungu la kwanza ungekuwa pia mwisho wa usomaji wa siku hiyo. Kulwa angesomwa, watu wangesali na kwenda kwao, na Doto angengoja kesho. Wilbroad alisema haiwezekani. Akapanda juu kabisa ya fungu, ambako aliweka mstari mmoja wa kuonyesha kichwa cha kitabu: Marehemu Wetu, kimeandikwa na Mathias Lugembe. Aliutazama kwa muda. Kisha akaufuta, na Doto akapata nafasi.

Shija hakupata. Hapakuwa na kingine cha kufuta ila watu. Angeweza kuwashusha wote wa nyumba ile waanze fungu la pili, naliona hilo leo, lakini tulikuwa tumechoka na zilibaki siku chache tu mwezi uanze. Akamtengenezea Shija fungu lake peke yake, dogo, la jina moja, akasema ataliagiza katikati, baada ya la kwanza na kabla ya la pili, ili asomwe siku moja na wenzake. Alikuwa anainamia kuandika agizo hilo umeme ukakatika. Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa tangu zamani, ikazima palepale.

Umeme uliporudi alikuta fungu la Shija lipo, limehifadhiwa. Akamalizia majina yaliyobaki, akajaribu, mashine ikakubali kila kitu. Alifurahi akasimama akanishika mabega. Tukafanya jaribio: simu inasoma, mimi nafuata kitabuni kwa kidole. Nilisikia Kulwa, nikasikia Doto, kisha ikasema siku imekwisha. Fungu la pili likaanza na ukoo mwingine.

Nilisikia kwamba mtu mmoja amerukwa. Nilifikiri labda yuko mahali pengine, labda mashine ina utaratibu wake, na huyu ni mtu aliyesoma, mimi ni fundi cherehani. Nikanyamaza. Nikatia alama ya chaki.

Makatekista walikuja Gongoni wakawekewa programu katika simu zao, na mwezi wa kumi na moja ukaanza.

Tarehe ishirini na tano, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja mtu mzima alisimama mbele ya cherehani yangu, amejifunga kanga kiunoni, miguu ina vumbi la safari. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza alipo mtoto wa katekista. Alikuwa ndiye Martha, ambaye kijijini kwao anaitwa Mama Kulwa. Nilimpeleka nyuma.

Wilbroad alimpa kiti. Mama alisema hatakaa sana. Alisema Shija hakusomwa. Tarehe ishirini na tatu alikuwa benchi la mbele, wamesomwa wa nyumba yake wote hadi Doto, katekista Advera akafunga simu. Alimwomba aifungue tena. Advera, ambaye ni binti mwenye subira, aliifungua mara tatu, na mara tatu Shija hakuwamo.

Wilbroad alimwambia kwa heshima kwamba haiwezi kuwa. Aliandika jina kwenye mashine, mashine ikaonyesha akina Shija wengi, akawapita mmoja mmoja kwa kijiji na mwaka mpaka akamfikia. Akageuza kioo kumwelekea mama.

"Huyu hapa, mama. Ameandikwa."

Mama Kulwa alikitazama kioo kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mgeni.

"Mimi kusoma sijui, baba. Kusikia najua," alisema. "Tangu siku ile anakohoa nyuma ya jiko langu. Mchana, watu wakiwa shamba. Nikienda, simwoni, lakini majivu yana vidole vya miguu. Nimeitwa Mama Kulwa miaka thelathini na nane. Hakuna aliyewahi kuniita Mama Shija, na huyu ndiye niliyemlea. Mwezi haujaisha. Nataka asomwe kabla haujaisha."

Wilbroad alisema labda simu ya Advera ina kasoro. Hapo nikajisikia nasema.

"Hata siku ya jaribio hakusomwa."

Wilbroad aligeuka. "Ulijua?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema, fundi?"

Alinitazama kwa macho ninayoyaona mpaka sasa, kisha akarudi kwenye mashine, akafungua fungu kuu. Lilikuwa na maagizo mawili. Fungu la kwanza, lianze. Fungu la pili, lianze. Katikati hapakuwa na kitu. Shija alikuwa amekaa ndani ya fungu lake, jina, mahali na mwaka, hakuna herufi iliyopungua, na hapakuwa na neno hata moja la kwenda kumtoa.

Aliandika mstari mmoja. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kutunga uzi kwenye sindano.

Lakini mstari ule ulikuwa Gongoni, na simu ya Advera ilikuwa kijijini, kusikokuwa na mtandao. Fatmabai alimlaza Mama Kulwa kwake siku tatu, kwa sababu alikuwa na homa ya uchovu, na tarehe ishirini na nane tuliondoka watu watatu. Tulipanda gari mpaka Isikizya, kisha pikipiki mbili. Karibu na kigango njia ya lami inaachana na njia ya zamani, na pikipiki zikashika ile ya zamani, nyembamba, iliyochimbika katikati kwa miguu ya watu. Mama Kulwa alimwambia dereva apunguze mwendo mahali fulani penye mti wa mkurungu, akapatazama mpaka tukapita. Hatukuhitaji kuambiwa kwamba ndipo baiskeli iliposimama.

Advera alipokea programu mpya, akajitolea kusoma nyumba ile yote upya katika sala ya jioni. Mama Kulwa alikataa.

"Aliyemwacha ndiye amsome," alisema.

Wilbroad alikuwa hajasimama mbele ya waumini tangu aondoke Kipalapala. Nilimwona anavua kofia, anaivaa, anaivua. Saa kumi na moja watu walikuwa wamejaa, maana habari ilikuwa imekwenda kabla yetu. Alisimama kando ya altare, si mbele yake, akashika simu kwa mikono miwili, akasoma nyumba ile kuanzia babu mkwe aliyefia njiani. Walikuwa kumi na wanne. Aliposoma Kulwa na Doto hakuvuta pumzi katikati. Kisha akasema:

"Shija. Njiani. Mwaka tisini na moja."

Waumini wakajibu, raha ya milele umpe, ee Bwana. Mama Kulwa hakujibu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nje ya ukuta.

Tulilala kwa Advera. Asubuhi tulipita kuaga. Tulimkuta mama ameketi nyuma ya jiko lake juu ya kinu kilicholazwa, mikono mapajani. Wilbroad alimwamkia, akamuuliza kama kumetulia.

"Kimya," alisema.

"Tumshukuru Mungu, mama."

"Ndiyo." Aliyatazama majivu. "Nilikuwa nimeanza kumwekea uji."

Wilbroad alisimama pale na kofia yake. Mama alituombea safari njema, tukaondoka.

Mwaka uliofuata Wilbroad aliifumua programu yote. Hakukata tena kwa kujaza. Kila nyumba aliipa fungu lake, nyumba mia nane na kumi na saba, ili mkato usiweze kupita katikati ya watu wa damu moja, na fungu kuu likawa na maagizo mia nane na kumi na saba. Mimi nilishika kitabu, yeye akasoma agizo moja moja, na kila nyumba nilimwambia kwa sauti ipo au haipo. Ilituchukua miezi. Akina Shija walikuwa wengi, na kila tulipofika kwa mmoja wao aliyasoma maneno mara mbili. Mama Kulwa na watu wake walikuwa nyumba ya mia sita na kitu. Wote kumi na wanne pamoja, katika fungu moja, na nafasi tele. Wilbroad alirudisha na kile kichwa cha kitabu chenye jina la baba yake.

Mwezi wa kumi, Mama Kulwa akaja tena. Alikuwa amekonda. Hakukataa kiti safari hii.

"Nina ombi, baba, na ni baya," alisema. "Mwaka huu usimsome."

Wilbroad hakuuliza ni nani.

"Mama, nilimwahidi mzee asirukwe mtu."

"Najua ulichomwahidi. Baba yako alikufa ana watoto saba hai wamemzunguka. Mimi niliwazaa watatu na ndio hao. Siku zile alikuja. Alikohoa, sawa, lakini alikuja. Miaka thelathini alikuwa anasomwa kila mwezi wa marehemu, nikidhani ndiyo nampenda. Ulipomwacha ndipo akaja kwangu."

"Na akiwa anateseka huko, mama?"

Hilo lilimgusa. Alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. Alisema amelifikiria mwaka mzima na hana jibu, na ndiyo maana amesema ni ombi baya.

Fatmabai aliingia na chai, akaona nyuso, akaweka sinia akatoka. Wilbroad alikaa ameshika kichwa. Mimi nilikuwa mlangoni na futi yangu shingoni. Nilitaka amkubalie, kisha nilitaka amkatalie, na namshukuru Mungu kwamba haikuwa kazi yangu kuamua.

Mwishowe alivuta mashine. Alifungua nyumba ya Mama Kulwa, akamtoa Shija kati ya wenzake. Akamtengenezea tena fungu lake peke yake, la jina moja. Kisha akashuka fungu kuu, akapita maagizo yote mia nane na kumi na saba mpaka chini kabisa, na pale mwisho, baada ya kila mtu, akaandika agizo la Shija.

"Atasomwa," alimwambia mama. "Atakuwa wa mwisho. Mapacha watasomwa tarehe ishirini na tatu, yeye tarehe thelathini. Zaidi ya hapo siwezi."

Mama Kulwa alihesabu kwa vidole. "Siku saba."

"Siku saba."

"Na hao wawili?"

"Nimewatenganisha naye, mama. Niseme ukweli. Nimefanya asichotaka mzee."

Mama alifikiri. "Watamngoja," alisema. "Wale walizaliwa wawili, hawajui upweke." Akanyanyuka, akanywa chai yake akiwa amesimama, akaaga.

Tarehe thelathini tulikwenda kigangoni, mimi na Wilbroad, hatukualikwa na mtu. Advera alisoma mpaka akafika mwisho wa majina. Kioo cha simu kilikuwa kimebakiza jina moja. Alilisoma, na mahali, na mwaka. Watu wakajibu kama wanavyojibu kila mtu. Benchi la mbele, mahali pa Mama Kulwa, hapakuwa na mtu.

Tulipotoka jua lilikuwa bado juu ya miti. Nyumba ya mama inaonekana kutoka uwanja wa kanisa, mlango wake ulikuwa umefungwa na yadi imefagiwa. Wilbroad aliitazama, akaniuliza twende tukamsalimie.

"Leo tumwache," nilisema.

Hakubisha. Pikipiki zilikuwa hazijafika, tukaanza kwa miguu kufuata njia ya zamani kuelekea Isikizya. Nilimwona Wilbroad anatembea pembeni kabisa, kwenye nyasi zenye miiba, akiiacha ile sehemu iliyochimbika katikati wazi, kama anayewapisha waliobeba. Nikahamia pembeni na mimi, upande wa pili, tukaenda hivyo.